Panya Walipona

Kila Jumapili baada ya kanisa, Seline aliketi karibu na kaka yake na kumgonga mkono wa kulia kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama wenyewe wapo. Alianzia kwenye kovu, chini kidogo ya kwapa, akateremka taratibu hadi kwenye kiwiko.

"Hapa?"

"Hapo nasikia. Kama kushikwa na stima."

"Na hapa?"

"Hapo hakuna kitu, nyamera," alijibu, akimwita dada kwa Kijaluo.

Alirudi juu akaanza upya. Alikuwa amemweleza Zadock tangu mwanzo kwamba neva iliyokatika ikianza kuota husonga mbele kidogo kidogo, na pale ilipofika, ukipagonga, mwenye mkono hushtuka. Kazi yao ya Jumapili ilikuwa kutafuta huo mshtuko umefika wapi. "Siku mkono utaanza kukuuma," alimwambia, "tutachinja ile kuku nyekundu." Kuku mwekundu akataga, akaatamia, akalea vifaranga mpaka wakamkimbia, na mshtuko ulikuwa bado palepale kwenye kovu.

Zadock alikuwa fundi wa boti katika ufuo wa Dunga, na si fundi wa kubahatisha. Wavuvi walisema boti aliyoipigilia misumari yeye huanza kuvuja mwenye boti akiwa ameshazeeka. Kisha siku moja upepo wa ziwani uling'oa bati kwenye paa la kibanda chao cha kazi. Aliinua mkono kukinga uso, na bati likampasua upande wa ndani, juu karibu na bega. Hospitali ilimwokoa. Mshipa wa damu ulishonwa, ngozi ikashonwa, mtu akarudi nyumbani hai, na watu wakaimba. Lakini neva tatu zinazoamuru kiganja na vidole zilikuwa zimechanika ovyo, na hizo ziliachwa kwanza mpaka kidonda kipone na apatikane mtu anayezijua.

Mkono ulibaki. Ulikuwa na joto, kucha zake ziliota zikakatwa, saa ilikaa vizuri kwenye kifundo chake. Ila haukushika hata kijiko.

Na mkono huo ulikuwa unangojwa. Boma la marehemu baba yao lilikuwa nyuma ya ufuo, karibu na mafunjo, na miaka hii ziwa limekuwa likipanda bila kumwomba mtu ruhusa. Maji yalikuwa yameshaingia jikoni kwa Jacinta, mke wa Zadock, na kambare alionekana akijipitia zake mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe. Baba alikuwa amewaachia shamba huko juu upande wa Sondu, ardhi kavu yenye mteremko. Ilibaki kuhama tu. Lakini Mjaluo mwenye boma hahami kama mpangaji wa mjini anayepakia godoro kwenye mkokoteni. Mwana wa kwanza ndiye anayefungua njia. Huondoka alfajiri, mkewe amebeba moto, mtoto wao wa kwanza wa kiume amebeba jogoo, na yeye mwenyewe ana shoka. Nguzo ya kwanza ya boma jipya huisimamisha yeye. Mpaka afanye hivyo, mdogo wake hawezi kumruka ajenge, hata awe na hela za kujenga ghorofa.

Mdogo wake, Sydney, alikuwa ameshapeleka mbao na mabati Sondu, na yote yalikuwa yamelala kwenye nyasi.

"Tumia tu kushoto, omera," alimwambia kaka yake. "Mungu anaona."

"Boma haianzishwi na mkono ya kushoto," Zadock alijibu. "Baba alinipatia shoka kwa hii ya kulia. Ikirudi, tutaenda."

Ami yao, aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, alikubaliana naye kwa kichwa. Basi watu wote wa boma lile wakakaa kuungoja mkono mmoja. Ziwa peke yake ndilo halikungoja.

Seline alikuwa kitinda mimba wao na tumaini lao la vitabu. Alikuwa akisoma shahada ya uzamili kule Maseno, na mada yake ilihusu neva. Aliichagua kabla ya ajali, na ajali ilipotokea aliona kwamba Mungu alikuwa amemtanguliza makusudi. Ndani ya seli, aliwaeleza nyumbani, mna vipande vidogo mno vinavyoitwa mikroRNA. Vyenyewe havijengi kitu. Kazi yao ni kunyamazisha jeni hizi na kuziacha zile zifanye kazi. Neva ikiumia, baadhi ya vipande hivyo huongezeka na vingine hupungua, na wanasayansi wanatafuta ni kipi ukikiongeza au ukikizima kitaifanya neva iote haraka na ifike inakokwenda.

Seline hakuwa akifanya majaribio hayo. Alikuwa akipima mielekeo ya utafiti wenyewe: makala mangapi yameandikwa, mwaka gani, nchi ipi, maneno gani yanazidi kutajwa. Na hapa tuseme ukweli hata kama utawaudhi wasomi. Hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kuhesabu makala mia na mia bila kufungua hata moja mpaka mwisho, akapewa shahada, na asiwe amemdanganya mtu. Kompyuta hukusanya vichwa na muhtasari, naye huchora grafu.

Grafu yake ilikuwa nzuri. Mstari ulianzia chini kabisa, ukatambaa miaka kadhaa, kisha ukainuka, na kufikia miaka hii ya karibuni ulikuwa umepanda hata ukakaribia kutoka kwenye karatasi. Aliiweka kwenye kioo cha simu yake, mahali ambapo wenzake waliweka picha za wachumba.

Mwezi wa nne tangu ajali, Zadock alipelekwa kwa Daktari Muturi, mpasuaji wa mikono, mtu wa Murang'a aliyekaa Kisumu mpaka akajifunza kula samaki na kichwa chake. Alimkunja Zadock vidole, akamchoma kwa sindano huku na huku, akavuta kiti.

"Mzee, nitakwambia wazi," alisema. "Neva zako zina pengo, na neva hairuki pengo. Nitatoa neva nyembamba hapa nyuma ya mguu, niiweke kama daraja. Upande wa unyayo utabaki na ganzi. Na mkono wa zamani sikuahidi. Pengine utasikia moto na kisu, pengine vidole vitakunja kidogo."

"Kidogo kama nini, Daktari?"

"Kushika kikombe. Kushika mpini, hapo sijui."

Jacinta aliuliza kama wanaweza kwenda kufikiria.

"Fikirieni, lakini msikae sana. Misuli haingoji. Ikikaa bila neva inageuka kuwa mafuta, na hata neva ikifika baadaye inakuta hakuna mtu nyumbani. Tusipite mwezi ujao."

"Wacha niulize dada yangu," Zadock alisema.

"Dada yako ni daktari?"

"Anasoma hii neva yenyewe," alijibu, na Jacinta alisema baadaye kwamba tangu ajali hakuwa amemwona mumewe akikaa wima namna ile.

Seline alishuka kutoka Maseno Jumamosi hiyo, kompyuta mgongoni. Alimkuta kaka yake ufuoni, amekaa kwenye kivuli cha boti iliyopinduliwa, akiziba nyufa kwa pamba kwa mkono wa kushoto, kazi waliyompa mafundi wenzake ili asione haya kukaa bure. Jacinta alikuwa kando akipasua samaki wa kuuza. Seline aliiweka kompyuta juu ya ubavu wa boti akaifungua.

"Hii laini ni nini?" Zadock aliuliza.

"Ni utafiti. Wa neva."

"Inapanda."

"Inapanda sana."

Zadock aliufuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto, kutoka chini mpaka juu, akakiacha kidole pale juu. "Na ikifika hapa?"

Seline angeweza kusema kwamba pale juu hakuna mkono wa mtu, kuna makala tu. Angeweza kusema sijui. Lakini huyu ndiye kaka aliyekuwa akimbeba begani kuvuka maji kwenda shule msimu wa mvua, akimshika miguu yote miwili kwa mkono huohuo, na alimpenda kupita kiasi cha kumwambia sijui.

"Wako karibu, Zadock," alisema. "Sasa wanaweka hizo mikroRNA ndani ya vifuko vidogo sana, wanazipeleka moja kwa moja kwa neva. Kila mwezi kuna kitu mpya."

"Kwa hivyo hii ya kukatwa mguu?"

"Utaharibu neva mzuri ya mguu juu ya kikombe. Wewe unasimama kwa maji kutwa, utasimamaje na unyayo yenye ganzi? Mimi ningekuwa wewe, ningengoja kidogo. Mwaka moja tu."

Jacinta hakuinua uso kwenye samaki kumjibu wifi yake. "Yuora, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na subira huvuta heri, mama Griffins," Zadock alimjibu.

Ndivyo zilivyo methali zetu. Ni mashahidi wa kukodi. Ukitaka wa upande huu yupo, ukitaka wa upande ule yupo, na wote wanaapa kwa sauti ileile. Mwezi alioutaja daktari ukaja, ukaisha. Muturi alipiga simu mwenyewe, na Zadock akamwambia kwa adabu kwamba kwanza wanangojea dawa fulani ya kisasa. Daktari aliuliza ni dawa gani. Zadock alisema dada yake ndiye anayejua jina.

Wakaendelea kugonga. Jumapili kwa Jumapili Seline aliteremka na hodi zake za kidole kutoka kwapani hadi kiwikoni, na kila mara stima iliishia kwenye kovu. Alijiambia kwamba neva ni ya polepole, kwamba pengine inajikusanya. Mkono wenyewe ulikuwa unabadilika machoni pao. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilibonyea, vidole vikajikunja kana kwamba vinaficha kitu, ngozi ikang'aa. Siku moja Zadock aliuegemeza kwenye sufuria ya uji iliyokuwa imetoka motoni huku akizungumza na jirani habari za mpira. Jacinta ndiye aliyenusa. Alimvuta mkono, ngozi ikabaki kwenye sufuria, na Zadock akaitazama tu.

Jumapili ile Seline alifunga kidonda kwa kitambaa, na hakugonga.

Aliyemfungua macho alikuwa msimamizi wake wa masomo, Daktari Walubengo, mtu mpole wa Bungoma asiyepandisha sauti. Alikuwa ameisoma rasimu yake nzima na kuweka kidole kwenye sentensi moja.

"Umeandika hapa kwamba utafiti umekaribia kutumika kwa binadamu," alisema. "Umeitoa wapi hii, Seline?"

"Kwenye mwelekeo, Daktari. Makala yanaongezeka kila mwaka."

"Makala yanaongezeka, ndiyo. Watu wanaandika sana. Sasa hebu waondoe wanyama, ubaki na watu peke yao, halafu uniletee huo mstari nione unapanda wapi."

Ilikuwa kazi ya kubofya mara chache tu. Seline alikaa maktabani, akachuja, na mstari wake ukaanguka. Haukupungua, ulilala chini kama kamba iliyodondoshwa. Yaliyobaki yalikuwa makala machache ya kupima damu ya waliojeruhiwa, na mengine ya vipande vya neva vilivyowekwa kwenye visahani. Hakukuwa na hata mtu mmoja aliyepewa kitu hicho mkononi na vidole vyake vikarudi.

Ndipo alipoanza kufungua makala na kuyasoma, moja baada ya jingine, kuanzia kichwa mpaka mwisho, kazi ambayo hakuna mtu alikuwa amemwomba aifanye. Panya. Panya aliyepasuliwa pajani, neva ikabanwa kwa koleo au ikakatwa na kushonwa saa ileile, akadungwa mikroRNA hii au ile, akangojewa wiki chache. Halafu walimpaka wino kwenye nyayo na kumtembeza kwenye karatasi nyeupe, wakapima alama za miguu yake. Na panya alipona. Katika makala haya alipona, na katika yale alipona, alikanyaga karatasi vidole vimetanuka vizuri, na wino ukathibitisha. Safari ya neva ya panya ni fupi kama kiberiti. Nyingi kati ya hizo zingefika hata zingeachwa zijiendee. Kutoka kwapani mwa Zadock hadi kwenye ncha za vidole vyake ni nchi nyingine. Na mwisho wa kila makala palikuwa na sentensi ileile, kwamba utafiti zaidi unahitajika. Alikuwa ameiona sentensi hiyo mara nyingi kwenye muhtasari, na kila mara aliisoma kama ahadi.

Alitoka maktabani akaenda kukaa chooni, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa skafu.

Wakarudi kwa Muturi. Hakuwasuta. Aliingiza sindano nyembamba kwenye misuli ya mkono, akaiunganisha na mashine, akamwambia Zadock ajaribu kukunja ngumi kwa nguvu zake zote. Msuli ulio hai, alieleza, hutoa sauti kama mvua inayoanza kwenye bati. Zadock alijaribu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mashine haikutoa sauti. Daktari akahamisha sindano mahali pengine, na pengine tena, nako kukawa kimya.

"Pole, Mzee," alisema hatimaye. "Sasa hata nikiweka daraja, ng'ambo hakuna mtu. Na siwezi kuazima kano kutoka upande mwingine, kwa sababu neva zote tatu zimekwenda."

Seline alimfuata kwenye ujia wa hospitali. "Daktari, angekuja ule mwezi ulisema?"

"Usijiulize hiyo."

"Nakuuliza wewe."

Muturi alivitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wakati mwingine hauna huruma hata ukisemwa kwa upole. "Wengine wenye jeraha kama lile hawapati kitu kabisa. Wengine wanapata kidogo."

"Kidogo."

"Ndiyo. Kidogo."

Zadock alikuwa kwenye benchi nje, mkono umelala mapajani, karibu na kofia yake. Seline alikaa akamweleza kila kitu: mstari, wanyama, karatasi nyeupe. Alikuwa amejiandaa kwa hasira na alitamani aipate. Kaka yake alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Hao panya, walitembea?"

"Walitembea."

"Basi si kazi bure," Zadock alisema. Akaongeza, "Na usijibebeshe, nyamera. Wewe ulisema tu. Mwenye kungoja ni mimi."

Seline angeona heri amzabe kofi kwa mkono wa kushoto.

Hasira ilitoka kwa Jacinta, nayo ilikuwa na haki ya kutoka. Alikuwa akichota maji jikoni kwa kopo na kuyamwaga nje, na nje nako kulikuwa maji. Seline alipoinama kumsaidia, Jacinta alimnyang'anya kopo.

"Yuora, laini yako ilipanda," alisema. "Na hii maji pia imepanda. Wewe ukirudi Maseno utalala pakavu."

Seline alirudi Maseno. Alirekebisha ile sentensi kwenye kazi yake, akaandika kwamba safari bado ni ndefu, na watahini wakaisifu kwa uangalifu wake. Makala aliyoitoa humo ilichapishwa. Kwa hiyo mwaka huo, mahali fulani, mtu mwingine akihesabu, mstari ulipanda kwa makala moja zaidi, nayo ilikuwa ya Seline wa Dunga. Walubengo alimpongeza, naye alishukuru. Jumapili aliendelea kwenda nyumbani, akakaa karibu na kaka yake, na hakuna aliyenyoosha mkono. Walizungumza habari za bei ya samaki.

Mvua za mwaka uliofuata zilimaliza mjadala. Maji yalifika kwenye miguu ya kitanda, na usiku mmoja ukuta wa jikoni ukakaa chini kama mzee aliyechoka. Asubuhi Zadock alimpigia Sydney, kisha ami, kisha Seline.

"Tunaenda Sondu," alisema. "Na naenda na mkono ya kulia."

Waliondoka alfajiri kama inavyotakiwa. Jacinta alibeba moto wa makaa kwenye chungu, Griffins, mwana wao wa kwanza, alimkumbatia jogoo, na Zadock alitangulia na shoka la baba yake. Seline alifuata nyuma na ami na Sydney, mpaka barabarani kwenye matatu waliyokodi. Walipofika shambani jua lilikuwa limeanza kupanda, na kule chini ziwa lilionekana limetulia, zuri, halina hatia yoyote.

Zadock alikaa kwenye jiwe, akamnyooshea Sydney mkono. Sydney alikuwa amekuja na mpira wa tairi la pikipiki, ule ambao watu hufungia mizigo. Aliuweka mpini wa shoka kwenye kiganja cha kaka yake, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja, kisha akazungusha mpira kuanzia kwenye vifundo vya vidole mpaka juu ya kifundo cha mkono, akivuta kwa nguvu.

"Nimekaza sana?" aliuliza.

"Kaza tu," Zadock alisema. "Haina shida."

Alisimama. Bega lake lilikuwa zima, na kiwiko kilikuwa bado kinakunjika, basi aliinua shoka kwa hivyo viwili na kulishusha. Pigo la kwanza lilikwenda kando. La pili liligonga nguzo kwenye kichwa, kwa kisogo cha shoka, na nguzo ikazama kidogo kwenye shimo alilokuwa amechimba Griffins. Ami alisema maneno ya baraka kwa Kijaluo, polepole. Zadock aliendelea kupiga. Jasho lilimtiririka, na usoni alikuwa na ule mwanga wa zamani wa ufuoni, wa fundi anayejua msumari umeingia. Seline alijikuta anahesabu moyoni kama mtoto anayetazama mchezo, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliuona mkono ule unashika.

Nguzo ilisimama. Jacinta alipuliza makaa, moshi ukapanda, jogoo akaachiwa, akajikung'uta na kwenda zake kwenye nyasi. Sydney tayari alikuwa anatazama mbao zake. Boma lilikuwa limeanzishwa na mwana wa kwanza, kwa mkono wa kulia, na hakuna mtu wa ukoo ambaye angeweza kusema vingine.

"Nyamera, nifungue," Zadock alisema.

Alikaa tena kwenye jiwe. Seline alipiga magoti akaanza kuufungua mpira kutoka juu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili ulikuwa na unyevu, naye akadhani ni jasho. Kufikia kwenye kiganja, damu ilimwagika kwenye vidole vyake mwenyewe. Mpini wa shoka ulikuwa umepasuka, pengine tangu pigo la kwanza, na kibanzi kirefu cha mti kilikuwa kimeingia chini ya kidole gumba na kuzama kwenye nyama, na kila pigo lilikuwa limekizamisha zaidi. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechubuka yote. Zadock alikuwa bado anaitazama nguzo, akitabasamu.

"Umenyamaza," alisema. "Kuna nini?"

"Kibanzi. Nitakitoa."

Alitazama chini, akaona. Tabasamu lilikaa usoni kwake muda kidogo kama kitu kilichosahauliwa pale, kisha likaondoka. Alimtazama dada yake, macho yake yaliyojaa machozi, vidole vyake vyenye damu, na akageuza uso upande wa mto wa Sondu, mbali, kama wagonjwa wanavyogeuka wasione sindano.

Seline alijifuta mikono kwenye sketi. Mikono ikiwa bado mapajani, aliinama kwanza kuitafuta ncha ya kibanzi kwa macho.

"Ikiuma useme," alimwambia, kwa sababu ndilo neno mtu husema.

Zadock alikunja uso, akavuta pumzi kwa meno.

"Inauma," alisema, akiwa bado ametazama mtoni. "Inauma kidogo, nyamera. Nasikia."

Seline alikuwa hajamgusa bado.